Mgeni na Jembe Lake: Mapokezi ya Mkimbizi katika By the Sea ya Abdulrazak Gurnah

Utangulizi

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mgeni asijisahau, akakaa kitako kula jasho la wenzake. Hiyo ni maana yake ya upande mmoja. Ikitazamwa kutoka upande wa pili, methali hii inamtwika wajibu mwenyeji vilevile: siku ya tatu ni juu yake kumpa mgeni jembe. Tena mtu aliyepewa jembe huwa amekwisha kupewa na shamba la kulima, na majirani wa kupakana nao, na haki ya kugombana nao juu ya mpaka. Asiyepewa jembe hubaki mgeni daima dumu, hata akilishwa na kuvikwa vizuri namna gani.

Makala haya yanakusudia kuichambua riwaya ya By the Sea (2001) ya Abdulrazak Gurnah kwa mwanga wa methali hiyo. Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948, akahamia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na kwa muda mrefu alifundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent. Alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, waliomtunuku walitaja waziwazi jinsi alivyoyaandikia madhara ya ukoloni na hatima ya mkimbizi. Mwaka uliofuata riwaya yake ya Paradise (1994) ilitoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Tangu hapo jina la mwandishi huyu limetajwa sana Afrika ya Mashariki. Hata hivyo, kutajwa si kusomwa. By the Sea inastahili kusomwa kwa makini na wataalamu wa Kiswahili, kwa kuwa wahusika wake wakuu ni wana wa lugha hii, na kwa kuwa swali inaloliuliza linaulizwa kila siku katika nchi za Afrika ya Mashariki zenyewe.

Swali lenyewe ni hili: mkimbizi aliyewasili katika nchi ngeni hutulia lini? Watoaji wa msaada hujibu kwamba hutulia akipata kibali, chumba, fedha za kujikimu na mtu wa kumwonyesha njia. Riwaya haivibezi vitu hivi. Mhusika mkuu anavipata vyote, tena katika muda usio mrefu, lakini havimtoshi. Hoja ya makala haya ni kwamba Gurnah anatofautisha msaada na mapokezi, na kwamba kwake mapokezi hukamilika pale tu mgeni anapompata mtu mwenye uwezo wa kumbishia.

Kisa kwa ufupi

Saleh Omar, mzee wa miaka 65 kutoka Zanzibar, anateremka katika uwanja wa ndege wa Gatwick mwezi wa Novemba. Hapo zamani alisoma Makerere, akafanya kazi serikalini, kisha akawa mwuza samani. Pasipoti aliyonayo ina jina lisilo lake, Rajab Shaaban Mahmud. Kwa shauri la mtu aliyemwuzia tikiti anajifanya hajui Kiingereza, ila maneno mawili tu ya kuombea hifadhi. Afisa wa uhamiaji, Kevin Edelman, anampekua na kumnyang'anya kisanduku cha udi. Kutoka hapo mzee anapelekwa kizuizini pamoja na waombaji wengine, kisha katika nyumba ya kulala wageni ya mwanamke aitwaye Celia, na hatimaye katika nyumba ndogo kwenye mji wa pwani. Anayemshughulikia ni Rachel Howard, mshauri wa mambo ya sheria katika chama cha kuwasaidia wakimbizi.

Rachel anatafuta mtu wa kumkalimania mzee. Anayepatikana ni Latif Mahmud, mwalimu wa fasihi katika chuo kikuu cha London, ambaye naye aliingia Uingereza kama mkimbizi miaka mingi kabla, akitokea Ujerumani ya Mashariki alikokwenda kusoma. Latif ni mtoto wa Rajab Shaaban Mahmud wa kweli, marehemu. Zaidi ya hayo, Saleh Omar ndiye mtu aliyeichukua nyumba ya baba yake kwa ajili ya deni, na aliyekataa kuirudisha hata meza ndogo ya mpingo Latif alipotumwa na mama yake, akiwa mtoto, kwenda kuiomba. Watu hawa wawili wanakutana katika nyumba ya mzee kando ya bahari ya Uingereza. Sehemu kubwa ya riwaya ni mazungumzo yao.

Mkimbizi, kimbilio na kutulia

Kabla ya kuingia katika uchambuzi ni vyema kuyapima maneno yenyewe. Neno mkimbizi limetokana na kitenzi kukimbia, nalo linamtaja mtu kwa tendo la miguu yake. Halielezi alikuwa nani kabla ya kukimbia, wala atakuwa nani baada ya kufika. Tena neno hili likishamganda mtu ni shida kumbanduka. Mtoto aliyezaliwa Dadaab au Kakuma, kambi zilizofunguliwa Kenya mwaka 1991 na 1992, huitwa mkimbizi ilhali hajapata kukimbia kutoka mahali popote. Tendo la wazazi limegeuzwa kuwa kabila la watoto.

Kwa upande wa pili kuna kimbilio, jina lililozaliwa na kukimbilia. Kauli ya kutendea imekipa kitenzi mwelekeo: palipokuwa na mtu anayetoka, sasa pana mtu anayekwenda mahali. Sheria humtazama mgeni kama mkimbizi na kumwuliza amekimbia nini. Ni mara chache aulizwe amekimbilia nini.

Neno la tatu ndilo lenye uzito zaidi katika makala haya. Mtu hutua mzigo, na mwenye kutua huweza kutulia. Ujirani wa vitenzi hivi viwili hauhitaji kutafutiwa ushahidi wa mbali, kwani masikio ya msemaji huusikia kila siku. Kutulia si kupata mahali pa kukaa tu. Mtu huweza kukaa mahali miaka 20 na mzigo ungali kichwani. Swali la kumsaidia mkimbizi atulie basi lina sehemu mbili: mahali pa kutua, na mkono wa kumpokea mzigo. Sehemu ya kwanza hutimizwa na serikali na vyama. Ya pili ndiyo inayoishughulisha riwaya hii.

Udi mlangoni

Tukio la Gatwick limejengwa juu ya kitu kimoja, nacho ni udi. Msomaji asiye wa pwani huenda akaona kwamba mzee amenyang'anywa kitu cha thamani na cha kumbukumbu. Ni kweli, kwa kuwa udi huo aliupata kwa Hussein, mfanyabiashara wa Kiajemi kutoka Bahrain aliyefika Zanzibar na msimu wa mwaka 1960, naye ndiye aliyeleta mkasa wote wa deni na nyumba. Lakini msomaji wa Kiswahili anaona zaidi. Katika nyumba za pwani udi hufukizwa ili chumba kipendeze kwa ajili ya anayekuja. Kwa harufu yake mgeni hujua kwamba alitazamiwa. Kwa hiyo mzee huyu hakuja mikono mitupu. Alikuja amebeba chombo cha ukarimu, na mtu wa kwanza aliyempokea alimpokonya chombo hicho.

Hapa Gurnah amefanya jambo la hila nzuri. Amekataa kumchora mkimbizi kama mtu wa kupokea peke yake. Saleh Omar alikuwa mwenyeji kabla ya kuwa mgeni, na hamu yake ni kuwa mwenyeji tena. Neno mwenyeji hufafanuliwa kwa desturi kuwa mwenye mji. Udi ulipochukuliwa, kilichochukuliwa ni uwezo wa mzee huyu kufungua mlango wake siku moja na kumwambia mtu mwingine karibu.

Kevin Edelman hakuchorwa kama jitu katili, na hilo linaipa riwaya nguvu. Wazazi wake mwenyewe walikuwa wakimbizi kutoka Rumania. Anamweleza mzee jambo hilo, akimsemesha mtu anayeamini kwamba haelewi. Anamwambia pia, kwa namna ya kumwonea huruma, kwamba kuomba hifadhi ni kazi ya vijana. Mtoto wa wageni wa jana amekuwa bawabu wa leo. Methali ya mgeni njoo mwenyeji apone inatukumbusha kwamba mgeni huja na dawa ya mwenyeji. Edelman angeweza kuponywa na mgeni huyu, kwa sababu alikuwa na kisa cha wazazi wake cha kusimulia na msikilizaji mbele yake. Badala yake aliitwaa dawa na kumpeleka mgonjwa kizuizini.

Msaada na bei yake

Ili kuelewa nafasi ya Rachel Howard ni lazima kukumbuka jinsi sheria inavyofanya kazi. Kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 na Itifaki yake ya 1967, mkimbizi ni mtu mwenye woga wa msingi wa kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, taifa, kundi lake katika jamii au maoni yake ya kisiasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 ulipanua maana hiyo, ukawajumuisha wanaokimbia mashambulizi kutoka nje na machafuko makubwa ya amani. Uingereza hufuata maana ya kwanza. Woga ni jambo la moyoni, na aghalabu hauna shahidi ila maneno ya mwenyewe. Basi hadithi ya mkimbizi hugeuka kuwa nauli yake. Akisimulia vizuri huingia, na akisimulia vibaya hurudishwa.

Riwaya inaonyesha ubovu wa biashara hiyo kwa njia isiyotarajiwa. Sababu ya kweli ya Saleh Omar kukimbia haiingii katika fomu yoyote. Miaka 11 alifungwa bila haki, na mkewe na binti yake wakafariki yeye akiwa gerezani. Mambo hayo yangetosha kabisa kuomba hifadhi, lakini siyo yaliyomtoa kwao uzeeni. Kilichomtoa ni kurudi kwa Hassan, kaka yake Latif, aliyeondoka zamani na Hussein na sasa anadai mali ya ukoo kwa vitisho vya kumrudisha mzee mahakamani na gerezani. Ni ugomvi wa nyumba na urithi, ulioanza kabla ya uhuru na kukuzwa na siasa za baada yake. Afisa gani angeandika jambo hilo katika mistari mitatu? Mzee anapokewa kwa sababu serikali ya Uingereza imekwisha kuamua kwamba watu wa kwao waweza kupewa hifadhi. Hadithi yake ya kweli haikuombwa, na hadithi iliyoombwa haikuwa yake.

Kunyamaza kwa mzee kunapata maana katika muktadha huu. Kwanza ni hila ya msafiri aliyeshauriwa. Baadaye kunakuwa ngome. Anayenyamaza hawezi kutozwa hadithi. Mzee mwenyewe anajifananisha na Bartleby, karani wa hadithi ya Herman Melville, anayekataa kwa adabu kila anachoambiwa. Jambo la kustaajabisha ni kwamba kimya chake kinawafanya wenyeji wajisimulie wao. Edelman anasimulia habari za wazazi wake. Celia anasimulia maisha yake, huku akilibananga jina la mgeni kila alitamkapo. Waliowekwa kusikiliza wamekuwa wasemaji, na aliyetakiwa aseme amekuwa msikilizaji. Mgeni ni kuku mweupe, wasema Waswahili, kila mtu humwona. Lakini riwaya inaonyesha kwamba kuonwa kwingi si kujulikana.

Rachel ni mtu mwema. Anafanya kazi kwa bidii, anakuja kumtazama mzee hata baada ya shauri lake kwisha, na mzee anamngojea kwa hamu siku anazoahidi kuja. Lakini mzee anapofungua kinywa na kusema Kiingereza fasaha, jambo la kwanza linalomjia Rachel ni hasira. Amehangaika kumtafutia mkalimani, kumbe hahitajiki. Hasira hiyo ni ndogo, inasameheka, nayo hupita. Ila ndani yake mna siri yote ya msaada. Msaidizi alikuwa na picha ya mtu wa kusaidiwa, na mtu huyo hakuwa na lugha. Lugha ilipotokea, picha ilipasuka. Tenda wema nenda zako, yasema methali, wala haiongezi kwamba mtendewa alazimika kubaki mnyonge ili wema upate kuonekana.

Haifai basi kuisoma riwaya hii kana kwamba Edelman ni shetani na Rachel malaika. Tofauti yao ni kubwa, nayo ni ya utu. Lakini wote wawili husimama upande mmoja wa meza, upande wa wanaouliza. Mtu anayeulizwa daima hawezi kutulia, kwa kuwa kila swali humrudisha uwanja wa ndege.

Jembe la siku ya tatu

Latif Mahmud hakuja kusaidia, na hapa ndipo hoja ya riwaya inapofikia kilele. Aliitwa kama mtaalamu wa lugha, lakini huduma yake haikutakiwa tena. Miezi ikapita, kisha akaja kwa sababu zake: kumwona mtu aliyeiba jina la baba yake baada ya kuichukua nyumba yake. Anafika na madai. Anayo kumbukumbu ya mtoto aliyesimama mbele ya mwuza samani akaomba meza akanyimwa. Anayo imani, aliyolelewa nayo, kwamba Saleh Omar ni mwizi na mnafiki.

Mzee anamfungulia mlango, naye Latif anaketi. Kwa mara ya kwanza tangu Gatwick, Saleh Omar ni mwenyeji na mwingine ni mgeni. Kwa mara ya kwanza pia anasimulia, naye hasimulii ili apewe kitu. Anasimulia kwa mtu anayejua majina, mitaa na watu wanaotajwa, na kwa hiyo anaweza kumkatiza. Latif hubisha, hukasirika, huondoka, hurudi. Hukuta kwamba baadhi ya aliyoyajua ni uvumi wa nyumbani, na kwamba mengine ni kweli kuliko anavyokubali mzee. Mzee naye hulazimika kukiri ugumu wa moyo wake: alikuwa na haki ya kisheria juu ya nyumba ile, akaitumia haki hiyo bila huruma. Ungamo la namna hii hangelifanya mbele ya Rachel, kwani Rachel angelimsamehe upesi mno. Msamaha wa mtu asiyekosewa hautui mzigo wa mtu.

Methali isemayo wagombanao ndio wapatanao kwa kawaida hutumiwa kuwatuliza waliokosana. Gurnah ameitia maana nzito zaidi, pengine bila kuikusudia. Wawezao kugombana ni watu wenye mpaka mmoja, wenye shamba lililopakana. Rachel hawezi kugombana na mzee juu ya lolote la maana, kwa kuwa hawana mpaka wa pamoja. Latif anaweza. Ugomvi wake ndio jembe. Kwa kumdai mzee, amemkubali kuwa mtu mwenye dhima, si maskini wa kuhurumiwa. Kwa kumbishia, amemwonyesha kwamba maneno yake yana uzito. Hapo ndipo mzigo unapoanza kutuliwa.

Ni lazima kuongeza kwamba Latif naye anatua mzigo wake. Ameishi Uingereza miaka mingi, ana kazi, ana heshima, ana lugha. Kwa kipimo cha watoaji wa msaada yeye ametulia zamani. Riwaya inaonyesha kwamba alikuwa amejikata na kwao kama mtu akatavyo kamba ya ngalawa, akaelea. Wakimbizi hawa wawili, wa jana na wa leo, wanapokeana. Hakuna chama kilichopanga jambo hilo, ingawa bila simu ya Rachel lisingetokea. Pengine sifa kubwa kabisa ya msaada katika riwaya hii ni kwamba uliwakutanisha watu wawili, kisha ukakaa kando.

Fani na lugha

Muundo wa riwaya unaitumikia dhamira hiyo. Ina sehemu tatu: ya kwanza inasimuliwa na Saleh Omar, ya pili na Latif, na ya tatu inamrudia mzee, lakini sasa sauti ya Latif inaingia na kukatiza. Hakuna msimulizi aliye juu ya wote wa kuamua nani mkweli. Msomaji anasikia habari ya nyumba ile ile kutoka pande mbili, kama mzee wa mtaa anayesuluhisha. Mwendo ni wa polepole, wenye kuzunguka, hadithi ikizaa hadithi. Huenda msomaji wa haraka akachoka na mazungumzo marefu juu ya samani, ramani na misimu ya pepo. Lakini mwendo huo ni jibu kwa fomu ya uhamiaji. Fomu hutaka habari fupi yenye tarehe, ilhali maisha ya mtu huhitaji baraza na jioni nyingi.

Riwaya haikosi kasoro. Ya kwanza ni ya bahati. Kwamba katika Uingereza nzima mtaalamu anayepatikana awe mtoto wa mtu yule ambaye jina lake limeandikwa katika pasipoti, ni jambo linalomtaka msomaji afumbe jicho moja. Yaweza kutetewa kwamba jamii ya Wazanzibari ugenini ni ndogo, na kwamba hadithi za pwani hazikuona haya kukutanisha watu kwa kudra. Hata hivyo, uzito wote wa maana umewekwa juu ya mkutano huo, na hiyo ni nguzo moja kwa paa kubwa. Kasoro ya pili ni kwamba Rachel hakupewa nafasi ya kusimulia. Kwa kuwa riwaya inashikilia kwamba kila mtu ana upande wake, kumnyima upande yule anayesaidia ni kupunguza mizani.

Jambo la tatu si kasoro bali ni tanzia ya lugha. Mazungumzo yanayomtuliza mzee huyu ni ya watu wawili wa Kiswahili, nayo yamemfikia msomaji kwa Kiingereza. Mwandishi mwenyewe amekuwa mkalimani aliyekuwa akitafutwa. Maneno ya Kiswahili na ya Kiarabu yamo, lakini utani wa kukatizana, jinsi mtu mdogo anavyomshambulia mzee bila kuacha kumpa heshima ya umri wake, hayo msomaji wa Kiswahili hana budi kuyajaza mwenyewe. Tafsiri njema ya Kiswahili isingekuwa kuihamisha riwaya hii, ingekuwa kuirudisha. Mtafsiri angekabiliwa na swali gumu tangu kurasa za kwanza: Latif atamwitaje mtu huyu? Mzee, Bwana, Ami, au Saleh pekee? Kiingereza kinamruhusu mwandishi kulikwepa swali hilo. Kiswahili hakingemruhusu, kwa kuwa katika kila neno la kuitana mna hukumu ya deni la zamani.

Hitimisho

Methali ya jembe imepata kutekelezwa kwa maana yake ya wazi. Wakimbizi wa Burundi waliovuka kuingia Tanzania mwaka 1972 waliwekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakapewa ardhi, wakalima hata wakajitegemea. Lakini uraia waliungojea hadi karne hii, zaidi ya 160,000 wakiupata kwa utaratibu uliofikia ukingoni mwaka 2014, wengi wao wakati huo wakiwa wamezaliwa papo hapo. Uingereza kwa upande wake imelificha hata jembe la kazi: tangu 2002 waombao hifadhi wamezuiwa kwa jumla kufanya kazi wakati wakingoja uamuzi, na ruhusa yenye mipaka huweza kuombwa baada ya kungoja mwaka mzima. Mifano hii miwili inatofautiana sana, na wa kwanza una heshima kuliko wa pili. Lakini yote inathibitisha kwamba jembe lina sehemu mbili, chuma na mpini. Chuma ni riziki. Mpini ni kauli, yaani haki ya kusema na kubishiwa kama mtu wa mji. Chuma bila mpini hakilimi.

Mchango wa By the Sea ni kuuonyesha mpini huo. Gurnah hadharau chumba, kibali wala wema wa Rachel Howard. Anachokataa ni dhana kwamba hapo kazi imekwisha. Mgeni aliyekwisha kulala, kula na kuandikishwa bado anangoja siku ya tatu, naye huingoja kwa kunyamaza. Anayetaka kumsaidia atulie na ajiulize kama amemwachia nafasi ya kuwa mwenyeji wa mtu mwingine, na kama katika mji huo yupo mtu mmoja anayemjua kiasi cha kuthubutu kumwambia kwamba amesema uwongo.

Saleh Omar alimpata mtu huyo. Udi wake haukurudi. Lakini mlango wake ulibishwa, naye akaufungua mwenyewe.